Tingatinga la Mkono Kwenye Udongo Laini na Matuta

Siku hizi tukitembelea vikundi tunaulizwa maswali yanayofanana. Tumekodi tingatinga la mkono, mbona linazama? Mbona linachimba shimo hapa na kuruka pale? Mbona limebomoa ukingo wa tuta la jirani? Tunasema juu ya lile tingatinga dogo la magurudumu mawili, ambalo mtu hutembea nyuma yake akishika mikono miwili kama ya mkokoteni, na nyuma yake kuna visu vya kuzunguka ama plau.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Matingatinga ya namna hii yalienea sana katika mashamba ya mpunga ya Asia. Shamba la mpunga ni tambarare, limesawazishwa ili maji yasimame, na chini ya matope kuna tabaka gumu la kubeba gurudumu. Hapa Kenya mtu aliyefika Mwea ameona shamba la namna hiyo. Sasa lete mashine hiyo hiyo Machakos, penye mteremko, matuta, visiki, vichuguu na mashimo ya fuko. Haina makosa, lakini imekuja ugenini, na mgeni huonyeshwa njia.

Tukumbuke pia tuta limetugharimu nini. Katika miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, na serikali ya mkoloni ilitaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka wa 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga jambo hilo. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba mitaro, na wengi waliichukia. Lakini baada ya Uhuru vikundi vya mwethya, hasa vya akina mama, viliendelea kuchimba kwa hiari, kwa jembe na sepeto. Kwa fanya juu unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, kisha unapanda majani kushika ukingo. Mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha lenyewe. Ukingo huo ni jasho la mama zetu. Gurudumu moja likiuponda wakati umelowa, mvua ijayo itapita hapo hapo, na tuta la chini yake nalo litakatika. Shamba la chini pengine si la mwanakikundi hata!

Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, pimeni udongo. Chimba kwa jembe hadi kina cha shibiri moja, chukua udongo wa chini, si wa juu, maana wa juu hukauka upesi na kudanganya. Ufinyange kwenye kiganja. Ukijiviringisha kuwa kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, umelowa mno, rudini nyumbani. Ukimumunyika, kazi iendelee. Udongo wa kichanga hautengenezi kamba hata ukilowa, basi ukamue uwe donge: donge likisambaratika ukiligusa kwa kidole, sawa. Ukiingia wakati umelowa, hata kama mashine haikuzama, magurudumu yanashindilia udongo na visu vinapaka chini kama fundi anayesiliba ukuta. Mizizi ya mahindi haipiti vizuri, na maji hayaingii. Na sisi huku ni watu wa kuhesabu kila tone.

Hapa ndipo vikundi vingi hugombana, kwa sababu ya zamu. Majina yameandikwa, kila mtu ametoa pesa zake, na siku ya Mama fulani imefika shamba lake likiwa bado tope. Hakubali kuruka zamu, kwani anaogopa haitarudi. Tunamwelewa kabisa. Lakini orodha inayofuata majina peke yake itaharibu mashamba. Afadhali orodha ifuate udongo: mashamba ya kichanga yaliyo juu, yanayokauka upesi, yatangulie, yale ya bondeni na ya udongo mweusi yafuate. Na iandikwe katika kitabu cha kikundi kwamba anayengojea kwa sababu ya maji hapotezi zamu yake wala pesa yake. Vilevile dereva msimlipe kwa ekari. Anayelipwa kwa ekari atakimbia, hata ukingoni. Mlipeni kwa siku.

Shamba likiwa tayari, mwenye shamba alitembee kwa miguu pamoja na dereva. Ondoeni mawe, wekeni kijiti penye kisiki na penye shimo la fuko. Acheni hatua mbili kutoka ukingo wa tuta, na sehemu hiyo ilimwe kwa jembe. Tuta jipya ambalo majani yake hayajashika, mashine isilikaribie. Tuta jembamba ambalo mashine haiwezi kugeuka juu yake, hilo ni la ng'ombe na plau, na si aibu.

Ule mguu wa nyuma, ama kigurudumu kidogo, unaopandishwa na kushushwa ndio unaoamua kina. Mahali pasipo sawa, anzeni na kina kidogo mpite mara mbili. Ukizamisha visu vyote mara moja kwenye udongo laini, vinajichimbia shimo na kuvuta mashine chini. Msisage udongo mpaka uwe kama unga pia. Udongo wetu mwekundu ukisagwa hivyo, mvua ya kwanza kubwa inaufunga juu kama ganda, na mbegu inashindwa kutokeza.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, kwa sababu linaumiza watu. Chini ya mikono kuna vishikio viwili vya kukata kona. Mahali tambarare ukibana cha kushoto, mashine inakwenda kushoto. Lakini ukiteremka mlima, ukibana cha kushoto inakwenda KULIA! Sababu ni kwamba ukikibana unakata nguvu ya injini kwa gurudumu la kushoto. Tambarare gurudumu hilo linabaki nyuma. Mteremkoni injini haliizuii tena, linakimbia mbele na kusukuma mashine upande wa pili. Dereva ambaye hajui atajiona anakwepa ukingo kumbe anauendea. Kwa hiyo mkiteremka tumieni gia ya chini kabisa, mgeuze kwa nguvu ya mikono, na msiweke gia huru kamwe. Dereva mpya ajifunze tambarare kwanza, kisha kwenye kamteremko kadogo bila visu.

Msirudi nyuma visu vikizunguka. Majani yakijisokota, zimeni injini kwanza ndipo muyatoe. Leso, gauni refu na shuka visikaribie visu, na watoto wakae mbali, hata kama wamefurahi kuona mashine.

Ikizama, dereva asiongeze moto, kwani magurudumu yatazidi kuchimba. Zimeni visu, inueni nyuma, wekeni mbao au matawi mbele ya magurudumu, mtoke polepole kwa gia ya chini. Magurudumu ya chuma yanasaidia kwenye matope, lakini yasipitishwe barabarani wala juu ya ukingo.

Kazi ya mkutano ujao, kabla ya mvua ya Oktoba: kila mwanachama alete gao la udongo wa shamba lake kwenye karatasi, na upande mmoja aandike upana wa tuta lake jembamba kuliko yote, kwa hatua. Katibu apange orodha ya zamu kutokana na hayo, mbele ya wote.