Trekta Lisilowaka: Tutafute Kosa Kabla ya Kununua Kifaa



Mkulima wa Ufipa ana msimu mmoja tu wa mvua, ambao huanza mwezi Novemba na kwisha mwezi Aprili. Wazee wetu walilima matuta ya ntumba kwa jembe la mkono, wakifukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea, na jembe lao halikuhitaji betri. Sisi tuliochanga fedha tukanunua trekta la chama tumepata wepesi, lakini tumepata na wajibu mpya. Trekta likilala siku moja katika wiki za kupanda, foleni nzima ya wanachama hulala pamoja nalo, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hayalipi fidia ya siku zilizopotea.

Somo hili lahusu trekta dogo la dizeli, lenye nguvu za farasi 20 hadi 40, linapokataa kuwaka kwa sababu ya umeme. Limeandikwa kwa ajili ya madereva, mameneja na wajumbe wa bodi. Lisomwe kwa sauti katika kikundi, ikiwezekana kando ya trekta lenyewe, ili kila kifaa kinachotajwa kiguswe kwa mkono.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha uwandani niliona vocha tatu za malipo zilizohusu trekta moja: betri mpya, betri mpya ya pili, na matengenezo ya starta. Betri ya kwanza ilinunuliwa msimu mmoja, na ile ya pili pamoja na matengenezo ya starta vikafuata msimu wa pili. Hata hivyo trekta lilikuwa uani, halijawaka kwa siku tisa. Mama mmoja aliyekwisha kulipa fedha za ekari mbili alikuwa ameketi nje ya ofisi akingoja jibu, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha.

Nilipomwuliza dereva analiwashaje linapokubali, alichukua bisibisi ndefu akanionyesha: huigusisha kwenye misumari miwili ya starta, cheche huruka, injini ikazunguka. Akasimulia kwamba wiki moja kabla ya hapo alifanya hivyo akiwa amesimama mbele ya gurudumu la nyuma, naye hakujua kuwa gia imeingia. Trekta liliruka kumjia. Lililomwokoa ni plau lililokuwa limezama udongoni.

Tulitafuta kosa tangu mwanzo, kwa utaratibu. Halikuwa katika betri wala katika starta. Waya mnene unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kwenye mwili wa trekta ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Tulifungua boliti moja, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Trekta likawaka mara moja.

Nami nina sehemu yangu ya lawama. Vocha ya betri ya kwanza niliikuta katika ukaguzi wa mwaka uliotangulia. Niliiona ina saini zote, nikaweka alama ya vema, wala sikuuliza betri ya zamani ilikufa kwa maradhi gani. Saini yathibitisha kwamba fedha zimetolewa kwa idhini. Haithibitishi kwamba kilichonunuliwa kilihitajika.

NJIA YA UMEME

Umeme hutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri, hupita katika waya mnene hadi kwenye starta, huizungusha injini, kisha hurudi kwa kupitia mwili wa trekta na waya wa hasi mpaka betrini. Hiyo ni njia kubwa. Pamoja nayo ipo njia ndogo ya amri: kutoka betrini hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi za usalama, ikaishia kwenye solenoidi, yaani kile kitasa kilicho juu ya starta kinachofungua njia kubwa.

Taa moja ya mbele hula ampea nne au tano. Starta ya trekta dogo hula ampea mia moja, mia mbili, au zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea. Huwasha taa, wakaiona inang'aa, wakasema kuwa waya ni nzima. Fikirini mlango wa ghala la chama uliofunguka nusu. Mtu mmoja mikono mitupu hupita bila taabu. Siku ya kupokea mazao, watu mia wenye magunia hukwama palepale. Kiungo chenye kutu hupitisha umeme wa taa, lakini hukwamisha umeme wa starta.

Tena kutu ile ile huzuia umeme wa kuchaji usirudi betrini kwa ukamilifu. Ndiyo sababu betri mpya ya chama kile ilifanya kazi kwa muda, kisha ikadhoofika kama ile ya kwanza.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kugusa chochote, toa gia, vuta breki ya mkono, teremsha plau chini, zuia magurudumu kwa mawe. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kwa hiyo usivute sigara wala usimulike kwa kibiriti. Maji ya betri yana tindikali iunguzayo macho na ngozi. Yakikurukia, osha kwa maji mengi. Unapofungua betri, anza na waya wa hasi. Unapofunga, malizia na huo huo. Usiifungue betri wakati injini inazunguka, maana altaneta huweza kuungua.

Kuwasha kwa bisibisi kwenye starta kupigwe marufuku na bodi, kwa maandishi. Njia hiyo huziruka swichi zote za usalama, na trekta lenye gia iliyoingia humkanyaga mtu kabla hajaweza kukimbia.

SIKILIZA DALILI

1. Ufunguo wageuzwa, hakuna sauti, na taa hazing'ai kabisa. Tazama vichwa vya betri, fyuzi kuu, na betri yenyewe.

2. Hakuna sauti, lakini taa zang'aa vizuri na hazififii. Amri haifiki kwenye starta. Katika matrekta mengi ya siku hizi injini haizunguki mpaka klachi ikanyagwe na shafti ya kuendeshea mashine za nyuma izimwe. Mengine yana swichi hata chini ya kiti. Hakikisha hayo kwanza. Kisha tazama ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Aghalabu huchomoka kwa mtikisiko wa shambani.

3. Sauti moja ya "tak", kisha kimya. Solenoidi imepata amri, lakini umeme mkubwa haupiti. Kosa huweza kuwa kiungo cha waya mnene, solenoidi iliyoungua ndani, au starta iliyokwisha brashi.

4. "Tak-tak-tak" ya haraka, na taa zafifia. Betri haina nguvu, au kiungo kimoja kimelegea.

5. Injini yazunguka kwa uzito. Pima betri na waya. Kumbuka pia kwamba oili nzito kupita kiasi huitesa starta wakati wa baridi.

6. Starta yalia peke yake, injini haizunguki. Meno yake hayashiki. Hiyo ni kazi ya fundi.

7. Injini yazunguka kwa kasi nzuri lakini haiwaki. Starta haina hatia. Tazama bomba la moshi. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki: labda tangi ni tupu, labda hewa imeingia katika mabomba, au ile solenoidi ya kufungua dizeli haipati umeme. Hiyo ya mwisho husikika ikigonga kidogo ufunguo unapowashwa. Ikiwa moshi mweupe watoka, dizeli yafika lakini joto halitoshi. Tazama plagi za kupashia joto.

KUPIMA

Mita ndogo ya umeme ni rahisi mno ikilinganishwa na betri moja. Kila chama chenye trekta hakina budi kuwa nayo.

Kwanza, pima betri iliyopumzika usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, volti 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya volti 12 imekwisha. Usiihukumu betri iliyokwisha kuwa imekufa. Ichaji kwanza, kisha uipime tena.

Pili, vuta kizimio ili injini isiwake, mwambie mwenzako azungushe starta, nawe utazame mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ni dhaifu, au starta inakula umeme kupita kiasi.

Tatu, pima upotevu wa njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, juu ya nguzo yenyewe wala si juu ya klipu, na ncha ya pili kwenye mwili wa starta. Starta inapozunguka, mita isipite volti 0.3 hivi. Ikionyesha volti moja au zaidi, waya wa hasi una kosa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, toka nguzo ya betri hadi msumari mnene wa starta. Hapo isizidi nusu volti.

Nne, injini ikiwa imewaka na inazunguka kwa kasi ya kati, betri ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, haichajiwi: tazama mkanda wa altaneta na waya zake.

Kama huna mita, ujanja upo. Gusa viungo mara tu baada ya kuzungusha starta. Kilicho cha moto kuliko vingine ndicho kibovu. Au chukua waya mnene wa kuazimia umeme, uufunge toka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma kisafi cha injini, kisha washa. Starta ikipata nguvu ghafla, waya wako wa hasi ndio mkosaji. Kwa jaribio hilo tulilitambua kosa katika chama nilichokitaja.

Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vioshwe kwa maji yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Visuguliwe, vikazwe, vipakwe grisi kwa juu. Betri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyotakaswa tu, yafunike sahani za ndani. Maji ya mtoni huiharibu.

ASUBUHI ZA BARIDI

Uwanda wetu uko juu sana kuliko pwani, na mwezi wa Juni na Julai, tunaposomba mahindi na maharage, baridi ya alfajiri huuma. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili kuwa nzito. Pia hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo injini inapoibana hupata joto pungufu. Dizeli huwashwa na joto hilo, haiwashwi na cheche.

Kwa sababu hiyo plagi za kupashia joto ni lazima. Shika ufunguo katika nafasi yake kwa muda ulioandikwa katika kitabu cha trekta, kisha ndipo uzungushe. Usizungushe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Pumzisha starta kama dakika moja, halafu ujaribu tena. Kamwe usipulize dawa ya kuwashia katika injini yenye plagi hizo, maana huweza kulipuka na kuvunja pistoni.

WAJIBU WA BODI

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeweka mali ya chama chini ya usimamizi wa bodi. Trekta ni mali hiyo, sawa na fedha zilizo benki. Napendekeza mambo manne.

Moja: trekta liwe na daftari lake. Kila asubuhi dereva aandike saa za injini, volti za betri, na dalili yoyote aliyoisikia.

Mbili: bodi isiidhinishe kifaa kipya cha umeme bila karatasi ya vipimo iliyoambatishwa kwenye vocha.

Tatu: kifaa kilichotolewa kirudishwe ghalani, kisibaki kwa fundi. Betri za zamani zina risasi na tindikali, zisitupwe shambani.

Nne: viungo vyote vya waya visafishwe mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, dereva na mjumbe mmoja wa bodi wakiwapo.

Yule mama wa ekari mbili alilimiwa kesho yake. Alipanda akiwa amechelewa kwa siku tisa kwa sababu ya boliti moja, na katika vitabu vyetu vyote hapakuwa na safu ya kuandikia hasara yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Trekta la chama chenu lililala siku ngapi msimu uliopita? Nani alizihesabu?
2. Taa zang'aa vizuri lakini starta yasema "tak" mara moja. Eleza kwa nini taa si ushahidi wa kutosha kwamba waya ni nzima.
3. Pimeni upotevu wa volti upande wa hasi na upande wa chanya katika trekta lenu. Andikeni matokeo katika daftari.
4. Dereva wenu huwashaje trekta linapokataa? Mwulizeni kwa wema, naye ajibu bila hofu. Dereva anayeogopa kukaripiwa huuficha ule mchezo wa bisibisi mpaka siku ya ajali.