Dondoo Muhimu: Jiografia kwa Mwanafunzi wa Marangu

Kabla ya kuhifadhi kwa moyo sura ya mvua za milimani, mwanafunzi na atoke alfajiri, kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, kingali wazi, kisha aandike daftarini saa ambayo mawingu hukizingira, kwa sababu hewa yenye unyevu ipandapo mteremko hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Aidha, aufuate mfongo, yaani mfereji wa maji, tangu mtoni hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani, nami nasadiki kwamba hapana maelezo ya umwagiliaji yaliyo bayana kuliko maji hayo yakielekezwa kwa jembe penye migomba na kahawa. Mtihani ukitaka mfano, autaje huo. Ama kwa upande wa usomaji ramani, akumbuke kwamba katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Njia yenye kupinda ipimwe kwa uzi.