SAFARI YA NG'AMBO: VITU VYA KUCHUKUA NA VITU VYA KUACHA

Mtu atokaye Wusi kwenda ng'ambo hupita katika hali nyingi za hewa kwa muda wa siku mbili tu. Asubuhi huuacha ukungu wa milima ya Taita. Akifika Mwatate huanza kuhisi joto. Voi hukutana na jua kali la nyika. Na akisha kupanda ndege Nairobi au Mombasa, kesho yake huenda akashuka katika nchi yenye theluji, au, kama aendako ni nchi za Ghuba, katika joto lipitalo lile la Voi.

Nauli ya msafiri huyo aghalabu haikutoka katika mfuko wake peke yake. Ng'ombe ameuzwa, jamaa wamechanga, na pengine shamba limewekwa rehani. Kwa hiyo sanduku lake ni jambo la ukoo mzima, na kosa dogo katika kufunga mizigo laweza kupoteza jasho la watu wengi. Yafaa basi kazi hii ianze mapema, walau majuma mawili kabla ya safari, wala si usiku wa kuamkia safari.

Jambo hili si geni katika nchi ya Kenya. Mwezi wa Septemba, mwaka 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda New York, kwa mpango ulioongozwa na Bwana Tom Mboya. Mwaka uliofuata, 1960, wengine wakafuata, na miongoni mwao alikuwako Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wanafunzi hao waliondoka wakati joto la Marekani linapokwisha lakini baridi haijafika. Hata leo wanafunzi wengi huondoka mwezi huo huo, na hali ya hewa ya majuma ya kwanza huwadanganya. Baridi yenyewe huja Novemba na Desemba.

1. HATI KWANZA, NGUO BAADAYE

Mtu aliyepoteza sweta aweza kununua jingine. Mtu asiyeweza kuonyesha hati zake aweza kurudishwa kwa ndege inayofuata. Hapa wasafiri wengi hawafahamu utaratibu mmoja: katika kiwanja cha ndege cha ng'ambo, msafiri hupita kwanza mbele ya ofisa wa uhamiaji, ndipo baadaye hulipata sanduku lake kubwa. Hati zilizofungiwa katika sanduku hilo hazitamfaa kitu wakati ofisa anapoziuliza. Kwa sababu hiyo hati zote hukaa katika mfuko wa mkononi.

Hati zenyewe ni hizi: pasipoti, ambayo nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita iliyobaki, viza, barua ya chuo au mkataba wa kazi, barua ya mtu au shirika linalolipa gharama, vyeti vya shule, na kadi ya manjano ya chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hutumika maisha yote. Basi asichanjwe mtu katika juma la safari. Aendaye Uingereza kukaa zaidi ya miezi sita hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Cheti cha kipimo hicho nacho akiweke pamoja na hati nyingine.

Anwani na nambari ya simu ya mwenyeji wake iandikwe kwa kalamu katika karatasi. Simu iliyozimika haiwezi kusomwa. Tena nakala za hati zote ziachwe nyumbani kwa mtu mwaminifu, ili zikipotea za kwanza, mzee aliyeko Wusi aweze kusema nambari ya pasipoti ni ipi.

2. UZITO WA MZIGO

Makampuni mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa sanduku moja, na mengine huruhusu masanduku mawili. Mfuko wa mkononi huwa wa kilo 7 mpaka 12, kwa kadiri ya kampuni. Desturi hizi hutofautiana, kwa hiyo msafiri asome tikiti yake mwenyewe, wala asitegemee habari za jirani aliyesafiri mwaka jana. Kilo zinazozidi hulipiwa, na malipo yake aghalabu hupita thamani ya vitu vyenyewe.

Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kupima nyumbani. Ikiwa hakuna mizani ya mkono, mizani ya duka lolote yatosha. Akumbuke kwamba sanduku gumu likiwa tupu laweza kuwa na kilo 4 au 5, nazo zimo katika hesabu. Viatu vizito na koti avivae mwilini. Kwa kawaida havipimwi. Tena alijaribu sanduku lake kwa kulibeba mwenyewe kutoka mlangoni hadi barabarani. Asipoweza kulibeba Wusi, ambako jamaa wako tele wa kumsaidia, atawezaje kulipandisha katika gari la moshi la mji wa kigeni, peke yake?

Wahenga walinena, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kila mtu huona kifurushi chake ni chepesi. Msafiri amwambie kila ajaye na kifurushi kwamba mizani ndiyo itakayoamua, na hapatakuwa na ugomvi.

3. NGUO ZA BARIDI

Watu wa milimani huijua baridi ya Julai, na wengine hudhani kwamba sweta walilozoea litatosha. Lakini ile ni baridi ya ukungu, maji hayagandi. Katika miji mingi ya kaskazini maji huganda barabarani.

Kinachomkinga mtu ni hewa iliyoshikwa katikati ya nguo, kuliko unene wa nguo moja. Hewa hiyo ikisha kupata joto la mwili haitoki upesi. Kwa hiyo nguo tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, huweza kupita koti moja zito, na mtu aingiapo katika nyumba yenye joto aweza kuvua moja moja. Sufu hufaa kuliko pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumpoza mtu.

Achukue basi sweta mbili, koti la kuzuia upepo na mvua, soksi nene, kofia ya kufunika masikio na glovu. Sweta moja na koti viwe mkononi, kwa kuwa baridi humpokea mlangoni pa ndege. Koti zito sana asilinunue dukani kwa bei ghali. Katika masoko ya mitumba, kama Kongowea huko Mombasa na Gikomba huko Nairobi, makoti ya baridi kali hupatikana. Huko Uingereza nako yako maduka mengi yauzayo nguo zilizokwisha kuvaliwa kwa bei ya chini. Viatu viwe na nafasi kidogo ya soksi nene, maana kiatu kinachobana huzidisha baridi ya miguu.

4. DAWA

Dawa za kila siku, kama za shinikizo la damu au kisukari, zikae katika vifungo vyake vya asili pamoja na barua ya daktari, na ziwe katika mfuko wa mkononi. Mwenye miwani achukue miwani ya pili. Aendaye nchi za Ghuba ajihadhari: dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, ambazo huku daktari huweza kuziandika, huko zimewekewa amri kali, na mtu aweza kushtakiwa akizichukua bila idhini.

Jambo moja halina uzito wowote katika mizani nalo laweza kuokoa maisha. Mtu wa Voi au Taveta akipatwa na homa katika miezi ya kwanza huko ng'ambo, amwambie daktari mara moja kwamba ametoka katika nchi yenye malaria. Madaktari wa huko huona ugonjwa huo mara chache, na huenda wakadhani ni mafua. Kadhalika, aliyekaa ng'ambo miaka mingi hupunguza kinga yake. Arudipo likizo alale ndani ya chandarua kama mgeni.

5. VYOMBO VYA UMEME

Plagi za Uingereza ni sawa na za Kenya, zenye meno matatu ya mraba. Kadhalika za Oman, Qatar na Falme za Kiarabu. Ulaya bara hutumia meno mawili ya mviringo, na Marekani meno bapa. Tena umeme wa Marekani ni volti 120, karibu nusu ya wa Kenya, ambao ni volti 240. Kichaji cha simu kilichoandikwa 100–240V hufanya kazi mahali pote, kikipewa kichwa cha kubadilisha plagi. Lakini birika au pasi ya nguo ya volti 240 haitapata moto wa kutosha huko Marekani, iachwe nyumbani.

Betri ya akiba ya kuchajia simu haiwekwi kamwe katika sanduku kubwa, kwa maana ikishika moto chini ya ndege hapana wa kuuona. Kipimo cha kawaida kinachoruhusiwa ni wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: betri ya 20,000 mAh ikizidishwa kwa volti 3.7, kisha ikigawanywa kwa 1,000, hupatikana wati-saa 74. Hiyo hupita.

Kuhusu maji na mafuta, tangu mwaka 2006 kanuni ni kwamba kila chupa katika mfuko wa mkononi isizidi mililita 100. Viwanja vichache vimelegeza amri hiyo, lakini msafiri mwenye busara huishika.

6. VYAKULA NA ZAWADI

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali nyama wala maziwa kutoka kwa msafiri wa Kenya. Marekani humtaka mtu aseme kila chakula alichonacho, na huweza kumtoza faini afichaye. Sababu yake ni maradhi ya mifugo na wadudu wa mimea, ambao tunda moja laweza kuwavusha bahari. Kwa hiyo ndizi, mbegu na mtindi hubaki. Kimanga nacho hakisafiri. Lakini namna ya kukipika husafiri kichwani bila kulipiwa kilo. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa kwa kawaida havina taabu.

Miraa na muguka havichukuliwi hata kidogo; Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Wala asichukue bangili ya nywele za ndovu, jino au ngozi ya mnyama, ijapokuwa alirithi kwa babu. Nchi ya Taita imezungukwa na mbuga za Tsavo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa vitu hivyo. Zawadi njema ni kikapu cha mkonge kilichosukwa na akina mama wa Taita: hakivunjiki, hakiozi, na nguo huweza kupangwa ndani yake. Nguo hizo zisifungwe katika mifuko ya plastiki ya sokoni, iliyokatazwa Kenya tangu Agosti 2017. Mfuko wa kitambaa wafaa.

Tena lipo neno la kutisha. Mtu asibebe mzigo wa mtu mwingine asioufungua na kuukagua mwenyewe, hata akilipiwa tikiti. Katika Singapore, aingizaye heroini ipitayo gramu 15 huweza kuhukumiwa kifo, na sheria humhesabu mwenye kuishika dawa kuwa aijua, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba hakuijua.

7. KWA WAENDAO KAZI ZA GHUBA

Hawa wana mzigo wa ziada, nao ni karatasi. Sheria za Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu humkataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi, lakini wako wanaoivunja sheria hiyo. Basi mfanyakazi awe na nakala ya pasipoti mahali pa siri, na nakala ya mkataba abaki nayo mzazi wake. Nambari ya simu ya ubalozi wa Kenya, jina la wakala na jina la mwajiri viandikwe mara mbili: kimoja kiende, kimoja kibaki Wusi. Jamaa aliye na majina hayo aweza kupiga hodi serikalini siku mambo yakiharibika. Asiyekuwa nayo hubaki kulia tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini hati hazifungwi katika sanduku kubwa?
2. Betri ya 30,000 mAh ni wati-saa ngapi? Je, yaruhusiwa?
3. Jirani akileta kifurushi kilichoshonwa, apelekewe mwanawe ng'ambo, msafiri ajibu nini bila kuvunja adabu?
4. Katika nyumba yako, ni nani ashikaye nakala za hati za aliye mbali, na zimewekwa wapi?