NDIA KUU NI NJIA KUU: ZIARA YETU YA LUGHA MJI WA KALE

Ndugu msomaji, likizo iliyopita binamu yangu asomaye Kifaransa katika shule nyingine alikuja kwetu akinitambia. Eti shule yao inapanga kuwapeleka wanafunzi kusini mwa Ufaransa, wakae na wenyeji, wale wanachokula na waseme wanavyosema, hadi ulimi ulainike. Nilimsikiliza huku roho ikiniuma. Basi katika mkutano uliofuata wa Chama cha Kiswahili nikasimama nikauliza: "Mwalimu, wenzetu wa Kifaransa wanapelekwa Ufaransa. Sisi wa Kiswahili tunapelekwa wapi?"

Mwalimu mlezi akatabasamu. "Nyinyi mtapanda matatu," akasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe hakuwa akitania. Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, wanachama 22 tulikutana mbele ya Fort Jesus, kila mmoja na daftari lake. Masharti yalikuwa matatu: hakuna Kiingereza, hakuna Sheng', na kila mtu arudi na maneno kumi ambayo hakuyajua. Atakayevunja sharti angebeba mtungi wa maji wa wenzake. Hata saa tatu haijafika, mtungi ulikuwa umepita mikononi mwa watu saba, na wa kwanza alikuwa mwenyekiti wetu mwenyewe, kwa kusema "okay".

Nimeandika makala haya ili nawe upate somo tulilolipata. Lakini kabla sijaanza, nina la kuungama.

La kuungama

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, humu humu Mji wa Kale. Shuleni si wengi wajuao, kwa sababu nimejizoeza kusema kama wengine. Nilipokuwa shule ya msingi niliandika katika insha kwamba nilifumba "mato" yangu. Daftari lilirudi na duara jekundu na neno "kosa!" Wenzangu wakacheka, na kwa muhula mzima nikaitwa "Mato". Tangu siku hiyo nikawa na ndimi mbili, wa shuleni na wa nyumbani, na ule wa nyumbani nikauonea haya. Rafiki akija kwetu, mimi ndiye niliyekuwa nikisema sana ili bibi yangu asipate nafasi ya kusema.

Muhula uliopita tulifanya jaribio la ushairi. Tuliulizwa mshairi ametumiaje uhuru wake, na katika ubeti mlikuwa na neno "ndia". Sikusita. Nikaandika: "Mshairi ameboronga sarufi." Nilikosa alama, na pembeni mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Hii ni lahaja. Wewe watoka wapi?"

Swali hilo lilinikaa kifuani hadi siku ya ziara.

Kituo cha kwanza: Ngomeni

Wenyeji huita mahali pale Ngomeni. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoiteka mwaka wa 1698. Mwaka wa 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za ulimwengu.

Lakini mwalimu hakutaka tuhesabu mizinga. Alituuliza: "Wareno walikwenda zao. Je, waliacha nini midomoni mwenu?" Tukabaki kutazamana. Akaanza kututajia: meza, bendera, karata, parafujo, mvinyo. Tulistaajabu zaidi kusikia kwamba hata leso, vazi la mama zetu, jina lake latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Na gereza? Kwa Kireno lilikuwa neno la kanisa! Ngome hiyo yenyewe Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Hapo nikaandika daftarini: neno likihama nchi, laweza kuhama na maana.

Kituo cha pili: Ndia Kuu

Kutoka Ngomeni tukaingia mjini kwa barabara iitwayo Ndia Kuu. Rafiki yangu mmoja akaaye Changamwe akasoma jina hilo kwa sauti, kisha akasema, "Aliyeandika hapa alikosea hijai. Alitaka kusema Njia Kuu." Watu wakacheka.

Mwalimu akanyamaza kidogo. "Kuna mwenyeji hapa wa kutueleza?" akauliza. Moyo ulinidunda kama ngoma. Nikafikiria lile duara jekundu. Mwishowe nikanyoosha mkono, tena nusu.

"Hakukosea," nikasema. "Kwetu njia ni ndia."

"Kwenu wapi?" akauliza yule rafiki yangu.

"Hapa. Nyumba yetu haiko mbali."

Basi mwalimu akatuketisha kibarazani, akatutolea kanuni. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikuchanganya herufi ovyo ovyo. Kina utaratibu wake:

Penye "nj" ya Kiswahili Sanifu, Kimvita mara nyingi kina "nd":
njia – ndia
njoo – ndoo
njaa – ndaa
nje – nde

Penye "ch" ya Sanifu, Kimvita mara nyingi kina "t":
macho – mato
kichwa – kitwa
cheka – teka
mchele – mtele
mchuzi – mtuzi

Lakini tahadhari, msomaji! Usigeuze kila "ch" ukadhani umekuwa Mmvita. Ile "ch" itokanayo na "ki" ya ngeli ya KI-VI haigeuki. Chakula ni chakula, chumba ni chumba, na kitu chake ni chake vile vile. Ukienda Kibokoni ukaomba "takula" utachekwa, nami sitakutetea.

Kituo cha tatu: Bandari ya Kale

Tulishuka tukaupita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka wa 1570, hadi kwenye uwanja ulio karibu na Bandari ya Kale. Hapo tulimkuta mzee mmoja muuza kahawa na dele lake juu ya makaa. "Sabalkheri, wanangu," akatuambia. Tukamjibu, tukanunua vikombe na kashata.

Rafiki yangu wa Changamwe alikunywa, akakunja uso, kisha akatoa macho. "Kumbe!" akapiga kelele. "Kahawa tungu ni kahawa chungu! Miaka yote hii nilidhani Tungu ni jina la kampuni!"

Mzee alicheka hadi akaweka dele chini. Na mimi nikacheka, maana ile kanuni ya "ch" na "t" ilikuwa imemwingia mwenzangu kwa njia ya ulimi.

Kituo cha nne: Barazani kwa bibi

Mwalimu alikuwa amekwisha kupatana na mama kwamba tutamaliza nyumbani kwetu. Nilipoona tumekaribia, nilitangulia mbio. Bibi alikuwa ameketi barazani. Nikainama nikamnong'oneza: "Bibi, wenzangu waja. Tafadhali sema Kiswahili kizuri."

Akanitazama. Hakukasirika. Akauliza tu: "Kizuri kipi?"

Sikuwa na jibu. Nilihisi haya ambayo hata lile duara jekundu halikunipa. Kabla sijasema neno, wenzangu wakafika, na bibi akawapungia mkono:

"Ndooni, wanangu, ndooni mukae. Musisimame nde juani. Muna ndaa?"

Nilifumba macho nikingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Nilichosikia ni kalamu zikiandika. Waliinama wote juu ya madaftari, wakihofia neno lisiwapite. Mmoja akasema, "Bibi, tafadhali rudia." Maisha yangu yote sijapata kuona mtu akimwomba bibi yangu arudie maneno ili ayaandike.

Bibi naye akapata nguvu, akawa mwalimu. Alitwambia tuweke kiganja mbele ya mdomo. "Semeni paa la nyumba," akasema. Tukasema. "Sasa semeni p'aa, yule mnyama wa mwituni." Alipotamka yeye, pumzi iligonga kiganja. Tukajaribu sisi, wengine wakatema mate. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini: neno la pili hutoka na pumzi. Katika maandishi ya kawaida maneno hayo hufanana, lakini sikio la Mmvita huyatenga. Jaribu nawe usomapo hapa, kiganja mbele ya mdomo, na asikuone mtu.

Kisha mwenyekiti wetu akamuuliza, "Bibi, je, Kiswahili chetu cha shuleni ni kibaya?"

"Si kibaya, chafahamika," bibi akajibu. "Mtu ana leso ya jikoni na leso ya kwendea arusini. Zote zake. Ila usiivue ya jikoni ukaitupa, ati kwa kuwa wageni wamekuja." Alisema hayo akinitazama mimi.

Je, Sanifu ilitoka wapi?

Tukiwa pale pale, mwalimu akatupa historia fupi, na ndugu msomaji ishike vizuri maana yafaa hata kwa isimujamii.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka wa 1882, iliegemea Kimvita. Kwa upande wa Unguja, Edward Steere alichapisha kitabu chake cha lugha mwaka wa 1870 akifuata Kiunguja. Kwa hiyo palikuwa na lahaja mbili zilizopigiwa debe. Waliopendelea Kimvita walitaja ushairi wake mkongwe. Waliopendelea Kiunguja walisema kwamba misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Unguja ilikuwa imekwisha kukieneza bara, hata Kongo, na tayari shule za Tanganyika zilikitumia.

Mwaka wa 1928 ulifanyika mkutano wa nchi za Afrika Mashariki kukata shauri, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Sanifu. Mkutano huo ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa! Mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule.

Kwa hivyo Kimvita hakikuachwa kwa sababu kilikuwa kimekosea. Palihitajika lahaja moja ya kuandikia vitabu, ikachaguliwa nyingine. Kuchaguliwa ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo lingine.

Tena washairi hawakukiacha. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka wa 1840, alikitungia Kimvita mashairi ya siasa, mapenzi na mafumbo. Ahmad Nassir alichapisha Malenga wa Mvita mwaka wa 1971. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka wa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Hao ndio watu ambao mimi, mwenyeji, niliwaandikia kwamba wameboronga sarufi.

Na huko Ufaransa?

Niliporudi nilimsimulia binamu yangu. Naye akanipa lililonishangaza. Mwalimu wao amewaeleza kwamba kusini mwa Ufaransa, huko huko waendako, kuna lugha ya kale iitwayo Kioksitani. Zamani mtoto aliyeisema shuleni aliadhibiwa na kupewa alama ya aibu ashike, hadi apatikane mwingine wa kumpokeza, kama kile kibao ambacho wazazi wetu husimulia walivyovishwa kwa kusema lugha ya nyumbani. Hata hivyo, Frédéric Mistral alitunga kwa lugha hiyo, kwa lahaja ya kwao Provence, na mwaka wa 1904 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Basi haya yangu haikuwa yangu peke yangu, wala si ya Kibokoni pekee.

Kwa kumalizia

Nakuusia, mwenzangu, ijue Sanifu barabara, kwa maana ndiyo itakayokufikisha Kigoma na Kampala na ndiyo utakayoandikia mtihani. Katika insha andika njia, usiandike ndia. Lakini ukiliona "mato" katika shairi, usiseme kosa. Andika "mshairi ametumia lahaja", upate alama yako. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee, mkalie barazani na daftari.

Lile swali la kalamu nyekundu nimelijibu. Jumatatu nililichukua jaribio langu, nikaandika chini yake: "Mwalimu, natoka Kibokoni. Ndia ni yetu."

Mazoezi

1. Andika kwa Kiswahili Sanifu: "Ndoo ule mtele na mtuzi, usikae nde na ndaa."
2. Kwa nini Mmvita husema "kitwa" lakini hasemi "tumba" akimaanisha chumba?
3. Taja maneno matatu ya Kiswahili yatokanayo na Kireno.
4. Muulize mzee wa kwenu maneno matano usiyoyajua, uyalete katika mkutano ujao wa chama.