Nyigu wa Mlango wa Choo

Mwishoni mwa masika, mtoto wa jirani yangu hapa Tarime aliingia choo cha nje, akaubamiza mlango, na kabla hata hajafungua mkanda akatoka mbio ameshika shingo. Juu ya fremu, chini ya bati, kulikuwa na sega la kijivu la kutosha kufunika kiganja cha mtu mzima. Sote tulikuwa tukipita chini yake kwa wiki kadhaa bila kuinua macho. Bibi yake akamkagua shingo, akamuuliza, "Uliubamiza mlango, mjukuu wangu?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. "Basi umewapigia hodi. Wametoka kukukaribisha."

Tulicheka, lakini bibi alisema kweli. Nyigu hawatoki kutafuta mtu wa kumuuma. Wanalinda watoto walioko ndani ya sega, na kwao mtikisiko wa mlango ni adui aliyefika.

Ndugu zetu walioko Ulaya wakilalamika kuhusu nyigu wa Agosti, shauri wanalopewa ni kuvumilia, kwa sababu baridi iko njiani. Kwao hilo lina maana: majira ya baridi yakiingia kundi zima hufa, wakabaki malkia wachanga tu waliojificha. Sisi wa Tarime na Serengeti hatuna baridi ya kutufanyia kazi hiyo. Asubuhi za Julai huku juu zinakutia mikono mfukoni, ila haziui nyigu. Kwetu kinachoongoza ni mvua. Mvua huleta majani, majani huleta viwavi, na viwavi ndio nyama ambayo nyigu huwalisha watoto wake. Kwa hiyo ukingoja waondoke wenyewe utangoja sana. Kazi yote iko mwanzoni, kiota kikiwa bado na ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili.

Kwanza mjue uliyepanga naye. Nyigu wa sega ni mwembamba, wa kahawia au mwenye michirizi ya njano, kiuno kama uzi, na akiruka miguu inaning'inia. Kiota chake kiko wazi kwa chini, vyumba vyote unaviona, na kimeshikwa juu na kikonyo kimoja tu. Ile karatasi yake anaitengeneza kwa kukwangua mbao kavu na kuitafuna; kaa kimya kando ya nguzo ya zizi lililozeeka, utasikia mkwaruzo wa meno yake. Huyu ndiye wa kuangaliwa.

Nyigu wa matope ni mwingine kabisa. Anaishi peke yake, anajenga vibomba vya udongo ukutani, nyuma ya pazia, hata mgongoni mwa redio isiyotumika, na kuvijaza buibui aliowapooza ili mtoto wake akianguliwa akute chakula mezani. Hana kundi la kulinda. Usipomshika kwa mkono au kumlalia, hakuumi. Mimi namwachia ukuta.

Sasa ukaguzi wa kuwahi kiota kikiwa kidogo. Mvua zikianza, za vuli na za masika, chagua siku moja ya wiki uzunguke nyumba ukiangalia juu: kwenye upenu, chini ya mbao za kenchi, jikoni, stoo, kibanda cha kuku, nyuma ya tanki la maji, chini ya viti vya nje. Usisahau geti la chuma. Paipu zake zilizo wazi ni vyumba vya bure, zizibe. Ukikuta kisega kidogo chenye nyigu mmoja au wawili, kichukulie ufagio wenye mpini mrefu asubuhi mapema, kabla jua halijapasha bati na mwenyewe bado amezubaa kwa baridi. Kiangushe, kiponde, kisha kwangua kile kikonyo pale juu na upake mafuta mazito. Anaweza kurudi mara mbili au tatu kujenga palepale. Rudia. Anayechoka kwanza ndiye anayehama.

Kiota kikishakuwa kikubwa, swali linabadilika: kina haja gani ya kuondolewa? Kama kiko juu ya mwarobaini nyuma ya shamba, kiache. Tangu 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, kila mkulima wa mahindi anajua gharama ya dawa, na hapo una wawindaji wa viwavi wasiodai posho. Kama kiko juu ya mlango, njia ya watoto au mahali pa kukamulia ng'ombe, hicho lazima kiondoke.

Fanya usiku, saa mbili au tatu, wote wakiwa wamerudi na wametulia. Koroga maji lita moja na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji. Maji matupu huteleza mwilini mwa nyigu. Ya sabuni humlowesha mpaka kwenye matundu anayopumulia. Tumia bomba la kupulizia ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba, na uifungue pua yake mpaka litoe mkondo wa kufika mbali, si ukungu. Vaa gambuti, suruali mbili, koti, glavu, na juu ya kofia pana jifunike kipande cha chandarua cha zamani ukichomeke ndani ya kola. Tochi usiishike mkononi, maana wanaotoka huufuata mwanga. Iweke chini, hatua kadhaa pembeni, ikimulika kiota. Simama upande, usisimame chini yake, wala usipande ngazi. Anayeumwa akiwa kwenye ngazi hudhuriwa zaidi na kuanguka. Lowesha sega lote bila kusita, ngoja wakome kudondoka, kisha liangushe kwa mti mrefu ndani ya ndoo yenye maji yaleyale. Mtu ambaye aliwahi kuvimba mwili mzima baada ya kuumwa asiikaribie kazi hii hata kwa kushika ndoo.

Moto acha. Najua wapo wanaofunga tambara kwenye mti, wakalichovya mafuta ya taa na kuliwasha. Paa la nyasi halihitaji maelezo, lakini hata chini ya bati kuna mbao kavu, na nyigu anayeungua huruka akiwa bado na nguvu ya kuuma.

Shambani mambo ni ya mchana, na huku kwenye kahawa na migomba ndiko wengi huumwa usoni. Kabla hujaingiza mkono kwenye mkahawa uliosongamana, au kukata jani kavu la mgomba, ligonge tawi kwa fimbo ndefu, rudi nyuma, tazama. Nyigu hutoa onyo: wanasimama juu ya sega, wamekuelekea, mbawa zimeinuliwa. Ukiona hivyo, rudi nyuma polepole, mikono chini. Kupunga mikono ndiko kunakowaita.

Nyuki ni habari nyingine. Wetu ni wa ukoo uleule ulioitwa "nyuki wauaji" huko Amerika, baada ya mtafiti Warwick Kerr kupeleka malkia wa Kiafrika Brazili mwaka 1956. Kundi linaloning'inia mtini kama mkungu, bila sega, liko safarini. Liache, mara nyingi huondoka baada ya siku chache. Walioingia kwenye dari ni wa mfuga nyuki au afisa nyuki wa halmashauri, usiwaguse. Nyuki mmoja akikuuma, huacha mwiba na harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo ndiyo inayowaita wenzake. Hapo hakuna kurudi polepole: funika uso kwa shati au kanga, kimbia moja kwa moja hadi ndani, funga mlango. Usijitose kwenye maji, watakungoja juu. Na usifunge mbuzi karibu na mzinga. Aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Aliyeumwa na nyuki mtoe mwiba mara moja, kwa kucha au kwa chochote, kwa sababu mfuko wa sumu unaendelea kusukuma. Nyigu haachi mwiba. Vua pete kabla kidole hakijavimba, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Piritoni hupunguza muwasho, basi.

Midomo au ulimi ukivimba, vipele vikatapakaa mwili mzima, kifua kikabana au mtu akaona kizunguzungu, dawa yake ni sindano ya adrenalini, na haraka. Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua aketi ameegemea. Usimpakie mshikaki katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, kwani presha ikiwa imeshuka, kumkalisha wima kunaweza kumuua njiani. Tafuta gari, au hata guta la kubebea matofali, alale. Mtu mwingine awe anaipigia zahanati simu kuuliza kama adrenalini ipo leo, ili kama haipo mwende moja kwa moja hospitali. Aliyeumwa mara nyingi sana, hasa mtoto, apelekwe hata kama anasema yuko sawa; sumu nyingi inaweza kuharibu figo baadaye.