Anayeishi Bila Bandama

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia watu tulio nao katika jumuiya zetu na pengine hatuwajui: wale waliotolewa bandama. Wengi ni watoto na vijana. Mmoja alianguka kutoka juu ya mwembe, mwingine aligongwa na pikipiki. Mwingine alipigwa teke katika mchezo wa mpira, na kwa kuwa bandama yake ilikuwa imevimba kwa malaria ya mara kwa mara, ikapasuka. Walifikishwa hospitali wamepauka, wakaongezewa damu, wakapasuliwa, wakapona. Baada ya miezi michache kovu limekauka, mtoto amerudi shuleni, na nyumbani habari ya bandama imesahaulika. Hapo ndipo penye hatari.

Bandama ni nini?

Wengine huiita wengu. Iko upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya ina ukubwa wa ngumi hivi, na uzito wa gramu 150 kwa makadirio. Hupitisha damu nyingi sana, ndiyo sababu ikipasuka mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu tumboni bila tone hata moja kuonekana nje. Baada ya ajali au kipigo, maumivu ya ubavu wa kushoto yanayopanda hadi begani yasidharauliwe. Tena tuseme wazi: kumkanda mtoto tumbo ili kuishusha bandama iliyovimba ni hatari, maana bandama ya namna hiyo hupasuka kwa urahisi. Na chale haziiponyi. Kinachotakiwa kutibiwa ni ugonjwa ulioivimbisha.

Kazi ya bandama ni kuchuja damu. Huondoa chembechembe nyekundu zilizozeeka, na hunasa vijidudu vilivyoingia katika damu kabla havijaongezeka. Ikitolewa, ini na sehemu nyingine za mwili huchukua baadhi ya kazi zake. Kwa hiyo mtu huyu atakula chakula cha kawaida, atalima, ataoa au kuolewa, atazaa. Si kilema, wala asifichwe ndani. Lakini kuna vijidudu vyenye ganda la utelezi, hasa vile viletavyo nimonia na homa ya uti wa mgongo, ambavyo ini peke yake haliviwezi vizuri. Mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wa Marekani walitoa taarifa ya watoto wachanga 5 waliopata maambukizi makali baada ya kutolewa bandama. Tangu hapo madaktari wamejifunza kuihifadhi kila inapowezekana, na siku hizi majeruhi wengi hulazwa na kuangaliwa kwa karibu badala ya kupasuliwa mara moja.

Homa isisubiri asubuhi

Maambukizi hayo huanza kama mafua: mwili kuchoka, baridi na kutetemeka, kichwa kuuma, pengine kutapika na kuharisha. Mgonjwa anaweza kuwa anazungumza asubuhi, na jioni amepoteza fahamu. Siku moja au mbili zinatosha kumwua. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo, na katika miaka 2 au 3 ya kwanza baada ya upasuaji, lakini haiishi kabisa. Imeshatokea kwa watu waliokaa miaka 20 na zaidi bila tatizo lolote.

Kwa hiyo mtu asiye na bandama akipata homa, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Asimezeshwe Panadol akalazwa kungojea kupambazuke. Kama daktari alimpa dawa ya kuua vijidudu ya kuweka nyumbani, ameze kipimo cha kwanza, kisha safari ianze; kumeza dawa hiyo si sababu ya kubaki nyumbani.

Malaria nayo humshika vibaya mtu huyu, na chandarua chenye dawa ni cha kila usiku. Lakini kipimo kikionyesha malaria, shauri halijaisha. Anaweza kuwa na malaria na hao vijidudu wengine kwa pamoja, na mseto hauviui. Mwambieni mganga wa zahanati kwamba hana bandama, tena kabla hajaanza kuandika.

Hapa kuna jambo linalotusumbua sana sisi wauguzi. Tukiwauliza ndugu mgonjwa alifanyiwa nini, hujibu, “Alipasuliwa tumbo.” Tumbo lina mengi! Kabla hamjatoka wodini, ulizeni kilichotolewa ni nini. Andikeni juu ya jalada la daftari lake, kwa herufi kubwa: HANA BANDAMA, na mwaka wa upasuaji. Mtoto mwenyewe afundishwe kulisema, na mwalimu wake ajulishwe, hasa kama analala bweni.

Chanjo na vidonge

Hapa Tanzania chanjo dhidi ya kijidudu kiitwacho Hib iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2009, na ile ya nimokoka mwaka 2013. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuzipata. Kwa upasuaji uliopangwa, chanjo zitolewe angalau wiki 2 kabla. Kwa upasuaji wa dharura, kwa kawaida hungojewa wiki 2 baadaye. Chanjo anazohitaji mtu mzima hazipatikani kila kituo, hivyo mwulizeni daktari aliyempasua mahali pa kuzipata. Watoto wengi huandikiwa pia penisilini ya kumeza mara mbili kila siku, kwa miaka. Tunajua ni vigumu kumpa dawa mtoto anayecheza uwanjani. Hata hivyo asiachishwe bila ruhusa ya daktari.

Haya yote yanawahusu pia watoto wenye siko seli, ingawa hawakupasuliwa. Kwao bandama huharibika mapema, na mara nyingi huwa kama haipo. Mama afundishwe kliniki kuipapasa: ikivimba ghafla, na mtoto akapauka na kulegea, damu imejikusanya humo, na bila kuwahishwa hospitali atakufa.

Tumalizie na mbwa. Mbwa naye ana bandama, ambayo hujikamua na kuongeza damu mwilini anapokimbia. Daktari wa mifugo akiitoa, mbwa huendelea kuishi na kulinda nyumba, ila ugonjwa wa damu uletwao na kupe humlemea zaidi, kama malaria inavyomlemea mwenzake binadamu. Ila mate ya mbwa, hata mzima kabisa na aliyechanjwa, yana kijidudu ambacho watu wengi hakiwadhuru. Kwa asiye na bandama kinaweza kuingia kwenye damu na kumwua. Aking'atwa, au mbwa akiramba kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mchubuko. Aombe dawa ya kuua vijidudu pamoja na ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Moja haichukui nafasi ya nyingine.