Namba ya Mama Siijui Kichwani

Vijana wenzangu, leo tujifunze kitu kutokana na aibu yangu mwenyewe.

Likizo ya Desemba nilipanda basi Mbeya kwenda nyumbani Iringa. Bando nimejiunga, chaji asilimia 60. Nikasema nitasali Masifu ya Asubuhi kwenye simu. Ukweli ni kwamba hata zaburi ya kwanza sikuimaliza. Ujumbe wa kundi la darasa uliingia, nikaufungua, nikahamia kwenye video, basi tena. Tulipopita Igurusi bando lilikuwa limekwisha. Igawa simu ikazima kabisa.

Shida yenyewe ikaanza kabla ya Makambako. Basi liliharibika, tukakaa pembeni ya barabara zaidi ya saa mbili, mvua inanyesha. Na mama alishaniambia atanisubiri Ipogolo. Mzee niliyekaa naye siti moja aliniona nahangaika, akatoa kitochi chake: "Mpigie mama yako, mjukuu wangu, salio lipo."

Nikakipokea. Nikabonyeza sifuri, saba, halafu nikakwama. Namba ya mama siijui kichwani!

"Ya mama yako mzazi?" mzee akauliza.

"Babu, nimei-save tu kwenye simu."

Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Ule ukimya uliniuma kuliko kicheko. Nina digrii ya falsafa. Naweza kukueleza njia tano za Mtakatifu Thoma kuhusu uwepo wa Mungu, lakini tarakimu kumi za mama yangu sina.

Tulifika Ipogolo giza limeshaingia. Mama alikuwa bado amesimama, khanga aliyojifunika imelowa. Unajua neno langu la kwanza lilikuwa lipi? "Mama, umekuja na chaja?" Hata shikamoo sikumpa. Akanitazama, akasema taratibu, "Kamwene kwanza, baba. Chaja ipo nyumbani."

Tangu siku hiyo nimetafakari mambo matatu.

Kwanza, hofu ya vyombo vya kutusahaulisha si ya leo. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Faidro, Sokrate anasimulia habari za Theuth, aliyemletea mfalme Thamus wa Misri uvumbuzi wa maandishi, akiusifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme hakukubali. Aliona watu watategemea alama za nje na kuacha kukumbuka kwa ndani. Lakini angalia: Plato mwenyewe aliyaandika hayo! Kwa hiyo somo si kwamba tutupe simu. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Wakati huohuo inasimuliwa kwamba michezo ya video alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Kifaa alikipenda, ila alikiwekea mpaka. Mimi sikuwa na mpaka wowote.

Pili, kumbukumbu ni kazi ya upendo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, Sehemu ya II-II, swali la 49, anaihesabu kumbukumbu kuwa sehemu ya busara. Anataja mambo manne ya kuisaidia, na mawili yanatuhusu hapa: kulijali jambo kwa moyo, na kulirudiarudia katika fikra. Sasa jiulize. Mimi nimekariri bei za bando zote. Kwa nini? Kwa sababu ndizo ninazozirudia kila siku. Hapo ndipo niliogopa, maana kama namba ya mama imenitoka, je, Baba Yetu ninayoisali huku nikichungulia simu imebaki wapi?

Tatu, Mungu hajatuhifadhi kwenye kifaa. Soma Isaya 49:15-16. Pale Mungu anauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto wake, anaahidi kwamba Yeye hatasahau kamwe, na anasema ametuchora katika viganja vyake. Viganja haviishiwi chaji. Mimi nikisoma maneno hayo namwona mama pale Ipogolo. Hakuwa na habari yoyote yangu, simu yangu haipatikani, lakini hakuondoka. Nilimsahau kwenye kitochi cha mzee, yeye hakunisahau kwenye mvua.

Zoezi la wiki hii ni dogo:

1. Kariri namba za watu wawili unaowapenda. Ukizirudia, waombee.
2. Ukifika nyumbani, salamu kwanza, simu baadaye.
3. Sala ya asubuhi isali kabla hujawasha data. Ukiweza, tumia kitabu.

Swali la kujitafakari: simu yako ikizima leo, ni nani na nini vitabaki moyoni mwako?

Usiku ule nilimwomba mama msamaha. Akasema, "Yameisha, kula kwanza." Baada ya kula nilichukua kalamu, nikamwomba anitajie namba yake, nikaiandika kwenye karatasi na kuirudia kama mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Siku hizi naijua.

Bikira Maria, uliyeyaweka yote moyoni mwako (Lk 2:19), utufundishe kukumbuka. Tuombeane.